Milango Minne ya Plaiwudi

Jumanne, tarehe 14 Machi. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alifariki saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, katika wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Saa tatu na robo, mimi na Baba Mdogo tuliondoka kwa gari la kukodi kumfuata Dada, ambaye alikuwa mji mwingine kwa mafunzo ya wiki mbili. Tulimfikia saa saba na dakika ishirini mchana. Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni alishuka garini mbele ya nyumba yetu, akaona viti vimepangwa uani na watu wamekaa bila kuzungumza, na hapo ndipo alipojua. Kwa hiyo Dada aliishi saa tisa na dakika thelathini na tano akiwa mjane asiye na habari, na katika hizo, saa nne na dakika hamsini aliziishi nikiwa nimeketi ubavuni pake.

Saa hizo niliziandika wiki ile ile katika daftari langu la karakana, kwenye ukurasa uliofuata vipimo vya fremu ya dirisha. Mimi ni seremala. Nilisoma chuo cha ufundi kwa miaka miwili, na huko tulizoeshwa kuandika kila kipimo papo hapo, kabla ya kukunja futi kamba. Sikuwa na sababu nyingine ya kuziandika, na sikumwonyesha mtu.

Agizo lilikuwa la Mama. Alilitoa akiwa amesimama katikati ya sebule, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mwambieni mumewe anaumwa kidogo, anamtaka. Basi. Asijue njiani. Akijua njiani nitazika wawili." Kisha akanigeukia. "Wewe utakaa naye kiti cha nyuma. Uso wako hauna habari. Ndiyo maana nakutuma."

Ilikuwa kweli. Tangu utotoni nimeambiwa kwamba uso wangu ni kama ubao uliokwisha kupigwa randa.

Wakati huo Dada alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mfanyakazi wa kitengo cha kufulia katika hospitali kubwa, na mafunzo yale yalihusu mashine mpya ya kukamua na kukausha ambayo yeye ndiye angekabidhiwa. Kila siku mashuka kiasi cha mia nne yalipita mikononi mwake. Dawa ya kung'arishia ilikuwa imemkausha vidole hadi kwenye viungo, na alikuwa na uwezo wa kukunja shuka la kitanda cha watu wawili peke yake, kwa kubana ncha moja kwa kidevu, huku akisimulia kisa. Wauguzi walimwita Mama Shuka. Ukipita koridoni ukasikia watu wanacheka nyuma ya mlango wa chumba cha mvuke, ulijua ni yeye.

Baada ya msiba alirudi kuishi nasi, tukalala chumba kimoja kama zamani. Kazini alirudi wiki ya tatu. Kwa kuwa hakumaliza mafunzo, mashine ilipewa mwenzake. Hakulalamika. Hakununa wala hakujitenga. Alijibu alichoulizwa, akapika zamu yake, akalala. Visa tu ndivyo vilivyokwisha. Siku ile ya safari hatukuizungumza hata mara moja, si yeye wala mimi, kwa miaka mitatu.

Katika mwaka wa kwanza wa hiyo mitatu alituambia mezani kwamba anataka kusomea uuguzi.

"Kwa nini sasa?" aliuliza Mama.

"Kwenye mashuka unafika mambo yakiwa yamekwisha," alisema Dada. "Nataka kufika kabla."

Chuo cha uuguzi kilidai masomo matano. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu manne kwa mkupuo mmoja. La tano, Lugha na Fasihi, likamshinda. Alilirudia, likamshinda tena. Mara zote mbili alianguka mahali pamoja: swali la lazima la tamthilia. Chuo hakikupokea mtu aliyetimiza miaka thelathini na mitano, naye angetimiza umri huo siku chache tu baada ya masomo ya mwaka uliofuata kuanza. Mtihani wa mara ya tatu ndio uliokuwa wa mwisho kwake. Asipofaulu, angebaki kwenye mashuka hadi kustaafu.

Tamthilia yenyewe ilikuwa futuhi ya siku hizi, iliyosukwa upya kutoka katika komedia ya kale ya Kitaliano, ya aina ile ambayo waigizaji walivaa vinyago na kila mtu alijua mapema kwamba mzee atakuwa bahili, daktari atakuwa wa uongo, na mtumishi atakuwa na njaa. Katika hii mpya mambo yanatokea kwenye nyumba ya wageni yenye milango minne. Mzee bahili anataka kuoa. Jioni ya karamu anakunywa dawa ya yule daktari wa uongo, anaanguka chumba namba tatu, na mtumishi anaamini amekufa. Sasa mtumishi huyu hajala tangu jana yake. Anajua kwamba habari za kifo zikitoka, karamu itavunjwa na vyungu vitarudishwa jikoni vikiwa na vifuniko vyake. Kwa hiyo katika tendo lote la pili anakimbia kutoka mlango hadi mlango akimwambia Bi Harusi kwamba bwana anaoga, bwana anavaa, bwana anaumwa kidogo, huku sahani zikipita mbele yake mwenyewe na yeye haambulii kitu. Katika tendo la tatu mzee anaamka na kuuliza nani amekula kuku wake.

Darasa la jioni lilikuwa katika shule ya msingi, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja. Madawati yalikuwa ya watoto, na watu wazima kumi na wawili walikaa magoti yakigusa vidari. Mwaka ule shule hiyo ilinipa kazi ya kukarabati madawati, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa nyuma ya darasa nikikaza skrubu, nami nikayasikia masomo yote.

Kinyozi mmoja wa jirani, mtu mwenye sauti kubwa na shati lenye vinywele mabegani, ndiye aliyesoma sehemu ya mtumishi. Mwalimu alimpa Dada sehemu ya Bi Harusi.

"'Bwana anavaa, bibi,'" alisoma kinyozi, akishika kifua. "'Amefika kwenye soksi.'"

"'Saa nzima soksi tu,'" alisoma Dada, kwa sauti ya mtu anayesoma kadi ya kliniki.

"'Ana miguu miwili, bibi!'"

Darasa likacheka. Kinyozi akageuka kwenye dawati lake, likalia kwa uzito. "Mama Shuka, ukiendelea kusoma hivyo marehemu atachoka kusubiri, ataamka kabla ya zamu yake."

"Marehemu anaamka ukurasa wa sitini na mbili," alisema Mwalimu. Alikuwa mtu mwembamba, aliyefundisha mchana kutwa mahali pengine na kuja na chaki yake mwenyewe mfukoni. "Mama, hebu tuambie. Hapa kinachochekesha ni nini?"

"Anadanganywa," alijibu Dada.

"Naam. Na kwa nini tunacheka?"

Dada alitazama kitabu. Alikuwa amekifunika kwa nailoni ya kufungia mashuka safi. "Mimi sijui, Mwalimu. Mwenzake amelala sakafuni, na yeye anaulizwa kama anataka supu."

"Lakini hajafa!" alisema kinyozi.

"Yeye anajua kama hajafa?"

Nyuma nikaacha kugeuza bisibisi, maana ilikuwa inapiga kelele.

Darasa lilipokwisha Mwalimu alimbakisha. Nilikuwa nakusanya vifaa, nikasikia. Hakumkaripia. "Nimeomba majibu yako ya mwaka jana, nikayasoma," alisema. "Umeandika kurasa tatu kwamba mtumishi ni mwovu. Mtahini hakuuliza kama ni mwovu. Ameuliza kicheko kinatengenezwaje. Mara mbili umejibu kama hakimu, mama yangu. Safari hii jibu kama fundi."

Maneno hayo aliambiwa Dada, lakini niliyechukua kazi nikawa mimi.

Jumamosi nilibaki karakana baada ya wenzangu kuondoka mchana. Kutoka kwenye mabaki nilikata jukwaa la plaiwudi, sentimita sitini kwa arobaini, na ukuta wa nyuma wenye milango minne. Kila mlango ulikuwa na kimo cha sentimita kumi na mbili. Bawaba ndogo kuliko zote dukani ilikuwa bado kubwa kwayo, kwa hiyo nikatumia vipande vya ngozi ya kiatu, nikavibandika kwa gundi na kuvipigilia misumari ya fremu za picha. Watu nikawakata kutoka kwenye vijiti vya duara na kuwafunga kitambaa kila mmoja rangi yake: mtumishi mwekundu, Bi Harusi mweupe, daktari wa kijani. Marehemu nilimwacha bila kitambaa, nikampiga msasa tu.

Jumapili saa tisa alasiri tuliliweka jukwaa juu ya meza ya kulia. Mama alikuwa amejilaza chumbani. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua miezi ile, na mlango wake ulikuwa umerudishwa bila kufungwa ili hewa ipite. Nilikaa upande wa watazamaji. Dada alisimama upande wa pili, kitabu mkono wa kushoto, akawapanga watu wake kwa maelekezo ya mwandishi.

"Marehemu sakafuni, chumba namba tatu. Bi Harusi anatoka jikoni, anasimama hapa. Mtumishi anafungua mlango." Akausukuma kwa kidole. Mlango ukaenda ndani ya chumba, taratibu, ukagota ukutani. Marehemu akaonekana kutoka miguu hadi kichwa.

"Amemwona," alisema Dada.

"Nani?"

"Bi Harusi. Amesimama hapo hapo. Mchezo umekwisha ukurasa wa arobaini."

Niliomba kitabu, nikasoma maelekezo kwa makini. Mlango, yalisema, unafungukia nje, kuelekea jukwaani. Mimi nilikuwa nimeifunga yote minne kama milango ya nyumba inavyofungwa, ikiingia chumbani, bila hata kutazama karatasi. Mkono ulifanya ulichozoea.

"Hakuna fundi anayefunga mlango wa chumba hivi," nilisema. "Ukifunguka utaziba ukumbi."

"Huyu fundi anataka uzibe," alisema Dada.

Nikaleta koleo na nyundo ndogo. Niling'oa misumari, nikageuza ngozi, nikaifunga upya, bawaba mkono wa kushoto. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini na tano, na Dada hakukaa chini muda wote. Nilipomaliza, aliufungua mwenyewe. Safari hii mlango ulikuja nje, ukasimama wima kati ya Bi Harusi na chumba. Kutoka kiti changu marehemu alionekana wazi, na Bi Harusi alionekana wazi, na kati yao palikuwa na kipande cha plaiwudi chenye unene wa milimita tatu.

Dada aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na jukwaa, upande wa Bi Harusi. Kisha akaizunguka meza, akaja upande wangu, akainama tena. Akarudi. Alifanya hivyo mara tatu, kama mtu anayekagua mwanga unapenya wapi.

"Kwa hiyo mlango hauwafichi watu wote," alisema. "Unamficha mmoja."

"Ndiyo."

"Na waliokaa huku kwako wanawaona wote wawili. Aliyelala na asiyejua."

"Ndiyo, Dada."

Alichukua kile kijiti cheupe, akakipuliza vumbi la mbao, akakishika kiganjani. Niliamini tumemaliza, nikaanza kufunga nyundo katika kitambaa chake.

"Hebu tuweke gari," alisema.

"Gari gani?"

"Unalijua."

Alichukua vijiti vitatu vya akiba, akavipanga pamoja na kile cheupe mbele ya jukwaa, viwili mbele, viwili nyuma. Cheupe akakiweka nyuma, kushoto. "Mimi hapa. Wewe hapa. Baba Mdogo, dereva. Nani alijua?"

"Mimi na Baba Mdogo."

"Dereva?"

"Na dereva."

"Dereva! Mtu niliyemwuliza mkewe hajambo, watoto hawajambo, mpaka shule wanayosoma." Alikaa chini. "Wewe unaandika kila kitu. Huwezi kuwa hukuandika."

Nikaenda chumbani, nikaleta daftari. Nilimsomea kwa utaratibu, saa na jambo, bila kuongeza neno, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusoma.

"Saa saba na dakika ishirini, tulifika. Ulisema, 'Huyu mwanamume hawezi hata mafua peke yake.'"

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo. Saa saba na nusu, tulikula hotelini. Baba Mdogo alikuambia, 'Kula mwanangu, safari ni ndefu.' Ulikula sahani mbili."

"Mbili." Alitazama kijiti chekundu cha mtumishi, kilichokuwa kimebaki jukwaani. "Huyu anaficha ili ale yeye. Nyinyi mlificha ili nile mimi. Endelea."

"Saa nane kamili, tuliondoka. Saa tisa na dakika tano, ulipiga simu."

Hapa nilisimama. Dada aliyajua yaliyofuata, maana alikuwepo. Lakini aliyajua kutoka upande wake wa mlango. Simu ya Shemeji ilikuwa na mlio wa jogoo, ambao Dada mwenyewe aliuweka kwa mzaha, ili mumewe asichelewe kazini. Hospitali ilikuwa imemkabidhi Baba Mdogo simu hiyo pamoja na saa na mkanda, naye akaitia katika mfuko wa ndani wa koti bila kuizima. Dada alipobonyeza namba, jogoo aliwika kifuani mwa Baba Mdogo. Aliwika mara nne. Baba Mdogo alijipapasa mifuko yote isipokuwa ule wenye simu, kisha akasema, bila kugeuka, "Aa, ameniachia nimtengenezee kioo, mama."

Na Dada alisema: "Mgonjwa yeye, mgonjwa na simu yake. Basi wawalaze kitanda kimoja!"

"Baba Mdogo alicheka?" aliuliza sasa.

"Alicheka."

"Dereva?"

"Alipiga usukani kwa kiganja."

"Na wewe?"

Ningeweza kusema kwamba nilicheka ili asishuku. Kwa miaka mitatu ndilo jibu nililokuwa nimelitayarisha, na lilikuwa limenyooka. Lakini nilikuwa nimetoka tu kuufunga mlango ule kwa mikono yangu, nikakaa upande wa watazamaji, nikaona.

"Nilicheka," nilisema. "Sikucheka ili kukuficha, Dada. Ilinitoka. Ilichekesha."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kumtazama.

"Ilikuwa nzuri, eh?" alisema.

"Ilikuwa nzuri sana."

"Wawalaze kitanda kimoja," alirudia, polepole, kama anayeonja chumvi. Mdomo ukaanza kumcheza. "Na jogoo! Baba Mdogo anajipapasa kama mtu aliyeingiwa na siafu!" Akacheka. Alicheka kama zamani, kichwa nyuma, mkono ukipiga meza, na milango minne ya plaiwudi ikawa inafunguka na kujifunga kwa mtikisiko. Katikati ya kicheko hicho sauti ilibadilika, nami sikuweza kuona ni wapi hasa ilipobadilika. Niliweka mikono miwili juu ya jukwaa ili lisianguke. Nilipaswa kumshika yeye, lakini nilishika jukwaa.

"Machungwa," alisema alipoweza kusema.

"Saa kumi kasoro robo. Tulisimama dakika kumi na moja ili umnunulie mgonjwa. Ulichagua kumi na mawili, ukinusa moja moja."

"Yalikwenda wapi?"

"Waliyala waliokuja kukaa nasi."

Mlango wa chumba cha Mama ulifunguka. Alikuwa amesimama akishikilia fremu, nywele hazijafungwa, na sikujua amesimama pale tangu lini.

"Mimi ndiye niliyesema usiambiwe," alisema.

"Najua, Mama."

"Nilifikiri nakuongezea siku moja ya kuwa na mume."

Dada alijifuta uso kwa kiganja. Hakupandisha sauti. "Yeye je, Mama? Alikaa kutoka saa mbili mpaka saa kumi na mbili jioni hana mke wa kumlilia. Siku nzima. Mimi nanusa machungwa."

Mama alikuja mezani kwa hatua fupi, akavuta kiti, akakaa. Alisubiri pumzi yake itulie. Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kijiti chekundu. "Huyu ndiye mimi?"

"Huyo ni mdogo wangu," alisema Dada. "Wewe hupo humu, Mama. Wewe ndiye uliyeandika."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alikaa nasi mpaka jioni, na hakuna aliyeliondoa jukwaa mezani. Tulikula chakula tukiwa tumelizunguka.

Mtihani ulifanyika tarehe 9 Novemba, saa tatu hadi saa sita. Nilimsubiri nje ya lango kwa kuwa karakana ilikuwa imefungwa siku hiyo. Swali la lazima lilitaka mtahiniwa aonyeshe, kwa mifano minne, jinsi siri inavyojenga kicheko katika tendo la pili. Dada alinisimulia jibu lake tukitembea, hoja kwa hoja. Alikuwa ametumia mlango mmoja kwa kila mfano. Alieleza unafungukia upande gani, nani yuko nyuma yake, na mtumishi anasimama wapi ili atazamwe na wote. Mwishoni aliandika kwamba mtazamaji hucheka kwa sababu amepewa kiti mahali ambapo mlango haumzibi, na kwamba Bi Harusi angepewa kiti hicho asingecheka.

"Gari sikuliandika," alisema.

"Kwa nini?"

"Halikuulizwa."

Alipata daraja la C. Kinyozi, aliyepata B, alimwambia kwamba C ya Mama Shuka ina uzito wa mashuka mia nne, na akamkata nywele bure siku ya kuripoti. Dada aliingia chuo cha uuguzi siku kumi na moja kabla ya kutimiza miaka thelathini na mitano. Hakuvirudia visa vyake vyote, ila siku moja moja alipokuja nyumbani alimwiga mkufunzi wa maabara mpaka Mama akakohoa kwa kucheka, nasi tukawa tunamzuia asiendelee. Jukwaa alilichukua bwenini. Aliniambia analitumia kuwekea vitabu.

Mwaka mmoja baada ya mtihani ule, katika mwezi huo huo wa Novemba, nilikuwa mji mwingine, nikifunga milango ishirini na sita katika jengo jipya la hosteli. Simu iliita nikiwa juu ya ngazi.

"Uko wapi?" aliuliza Dada.

"Juu ya ngazi."

"Shuka." Nikashuka. "Umeshuka? Kaa chini, mdogo wangu." Nikakaa juu ya rundo la fremu. "Mama amefariki. Saa nne na dakika kumi. Nilikuwa nimemshika mkono. Sasa ni saa nne na dakika kumi na nane. Baba Mdogo bado hajui. Nimeanza na wewe."

Niliondoka kwa gari la saa tano na kufika nyumbani saa tisa alasiri. Nilisafiri kwa muda wa saa nne nikijua. Njiani gari lilisimama penye wauza machungwa, abiria wengi wakashuka, nami nilibaki kwenye kiti changu.